Ukumbi wa Birmingham uliozaliwa na hospitali: majibu kwa wasomaji

Katika toleo lililopita tuliugusia kwa aya mbili tu ukumbi wa Town Hall wa Birmingham, Uingereza, ulio mmoja wa kumbi kongwe za muziki zilizojengwa kwa niaba ya wakazi wa mji. Aya mbili hizo zimezaa barua nyingi kuliko makala yote. Hizi hapa ndizo tulizoona zinastahili kujibiwa kwa kirefu, pamoja na chache za kujibiwa kwa haraka.

SWALI: Mliandika kwamba Town Hall ni ukumbi wa muziki. Huku kwetu ukitaja town hall mtu anajua kuna meya na foleni ya leseni. Hamkukosea? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hatukukosea, jina ndilo linalopotosha. Ukumbi huo ulifunguliwa Oktoba 1834, na wakati huo Birmingham haikuwa hata na baraza la mji. Baraza lilianza 1838. Kabla ya hapo mji uliendeshwa na makamishna wa mitaa, watu waliosimamia taa, barabara na masoko. Meya na madiwani walipata jumba lao baadaye sana: Council House, lililo jirani na ukumbi kwenye uwanja unaoitwa leo Victoria Square, lilikamilika 1879. Kwa hiyo "town hall" hapa ina maana ya ukumbi wa watu wa mji, si ofisi ya mji.

Sababu ya kuujenga ni hospitali. Mwaka 1768 wenyeji waliandaa tamasha la muziki ili kuchangisha fedha za General Hospital, iliyokuwa imekwama njiani kwa kukosa pesa. Tamasha likalipa. Kuanzia 1784 likawa la kila baada ya miaka mitatu, na sehemu kubwa lilifanyika katika kanisa la St Philip's. Kadiri kwaya na okestra zilivyokua, kanisa likawa dogo. Aliyesukuma wazo la ukumbi mpya ni Joseph Moore, kinara wa tamasha. Sheria ya mwaka 1828 ikawapa makamishna ruhusa ya kujenga, na upande wa hospitali ukabeba gharama ya kinanda cha mabomba, maana hospitali ndiyo ingevuna mapato.

Mikutano ya siasa nayo ilifanyika humo. Desemba 1901 mbunge Lloyd George alikuja kuzungumza dhidi ya vita vya Waingereza na Makaburu wa Afrika Kusini. Umati ukavunja madirisha, na msemaji ikabidi atolewe akiwa amevaa sare ya polisi.

SWALI: Nimepita mbele yake mara nyingi. Kwa nini mji wa viwanda ulijijengea hekalu la Kirumi? Na kwa nini katika picha za zamani unaonekana mweusi kama jiko la mkaa? (Msomaji, Birmingham)

JIBU: Mfano wake ni hekalu la Castor na Pollux lililoko Roma, ambalo leo limebakiwa na nguzo tatu tu. Wasanifu, Joseph Hansom na Edward Welch, walishinda shindano la michoro wakiwa vijana. Hansom, mzaliwa wa 1803, alikuwa hata hajafikisha miaka 30. Wakati huo umbo la Kirumi lilisomeka kama tangazo: mji usio na baraza wala mbunge wake, uliojulikana kwa vifungo, misumari na bunduki, ulitaka kuonekana mji wa watu waliostaarabika. Birmingham ilipata wabunge wake kwa mageuzi ya 1832, mwaka uleule ujenzi ulipoanza.

Hekalu la kawaida ungelipandia kwa ngazi pana za mbele. Hapa nguzo 8 za mbele, zenye vichwa vya majani kwa mtindo wa Kikorintho, zimekaa juu ya kitako kirefu cha mawe, na watu wanaingia kupitia matao yaliyo chini ya nguzo. Ukiutazama kwa mbali ni fahari tupu. Ukiukaribia kuingia, unapita chini ya miguu ya nguzo. Kwa maoni yetu huo ndio udhaifu mkubwa wa mchoro: sura iligharimiwa kuliko njia ya watu.

Kuhusu weusi: chini ya ngozi yake jengo ni la matofali. Mawe ya nje yanatoka Penmon, kisiwani Anglesey, kaskazini mwa Wales. Huitwa marumaru ya Anglesey, lakini ni mawe ya chokaa yanayokubali kung'arishwa. Chokaa na moshi wa makaa ya mawe havipatani. Moshi una gesi ya salfa. Ikikutana na unyevu inageuka asidi, na asidi hiyo inaigeuza ngozi ya jiwe kuwa jasi. Pale mvua inapopiga moja kwa moja, jasi huoshwa na jiwe hubaki jeupe, ila linaliwa kidogo kidogo. Pale mvua isipofika, kama chini ya vichwa vya nguzo na ndani ya michirizi, jasi hunasa masizi na kuwa gamba jeusi gumu. Gamba likiachwa hutoka vipande likiwa limeshika na uso wa jiwe. Ndiyo maana mawe ya chokaa yaliyochongwa hayasafishwi kwa asidi: fundi anayefanya hivyo anamalizia kazi ambayo moshi uliianza.

SWALI: Ni kweli aliyeuchora alifilisika? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kweli, na sababu yake inafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya ujenzi. Hansom na Welch hawakuishia kuchora. Ili mradi uende mbele, walikubali kuwa wadhamini wa wajenzi waliotoa bei ya chini. Bei ile haikutosha. Gharama zilipopita mkataba, deni likarudi kwa wadhamini, na mwaka 1834 Hansom akafilisika kabla jengo halijaisha. Tamasha la Oktoba mwaka huo lilifanyika ndani ya ukumbi ambao haujamalizika, na kazi iliyobaki akaendelea nayo msanifu mwingine, Charles Edge, kwa miaka kadhaa.

Kosa ni la kuchanganya kofia. Msanifu ndiye anayemkagua mjenzi. Akiwa pia mdhamini wake, kila jiwe analolikataa linamgharimu yeye mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1834 Hansom alisajili hataza ya gari la farasi la abiria lililochukua jina lake, lile la magurudumu mawili lililojaa mitaa ya London kwa miongo mingi. Nalo halikumtajirisha.

Waliopoteza zaidi ni John Heap na William Badger, mafundi wa ujenzi huo. Januari 1833, wakati wa kupandisha kenchi ya paa, kapi la winchi lilikatika, na wote wawili wakafa. Kaburi lao lipo katika uwanja wa St Philip's, na alama yake ni kitako cha nguzo kilichochongwa na fundi mwenzao, sawa na vile vya ukumbini. Anayekwenda kuutazama ukumbi atembee dakika chache hadi pale pia.

SWALI: Mimi ni mpiga kinanda kanisani. Mlitaja bomba la futi 32. Bomba refu hivyo linatoa noti gani, na kuna faida gani ikiwa sikio halisikii? (Mwalimu wa kwaya, Bukoba)

JIBU: Mwalimu, futi 32 ni mita 9.75. Bomba lililo wazi ncha zote mbili hutoa wimbi lenye urefu mara mbili ya bomba lenyewe. Gawanya kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, kwa mita 19.5, utapata 17.6. Hewa iliyo kwenye midomo ya bomba hulirefusha kidogo kwa sauti, hivyo bomba la kweli hushuka hadi mitetemo 16 kwa sekunde. Sikio la mtu huanza kusikia noti karibu na 20. Bomba hilo peke yake, basi, ni mtetemo kwenye kiti na kifuani kuliko wimbo. Lakini bomba lina mitetemo ya juu pia, ya 32, 48, 64 na kuendelea, na hiyo inasikika. Likiunganishwa na mabomba ya futi 16 na 8, sikio huupokea mkusanyiko wote kama noti moja nzito sana.

Kinanda cha Birmingham kilijengwa na William Hill mwaka 1834, na leo kina mabomba zaidi ya 6,000. Hata hivyo sifa yake kubwa kwa mafundi wa vinanda si bomba refu. Mwaka 1840 Hill aliweka humo safu ya mabomba ya ulimi (yenye ulimi wa chuma unaotetemeka) yanayopulizwa kwa shinikizo kubwa kupita lile la kawaida. Shinikizo la kinanda hupimwa kwa mpira angavu uliokunjwa mfano wa herufi U na kutiwa maji: upande mmoja unaunganishwa na sanduku la upepo, na tofauti ya usawa wa maji ndiyo kipimo. Vinanda vya siku zile vilitumia karibu inchi 3 za maji. Kwa kulipandisha mara kadhaa, Hill alipata sauti ya tarumbeta inayoweza kuzipanda kwaya na okestra nzima kwa pamoja. Tangu hapo vinanda vikubwa vya kumbi za miji ya Uingereza vikaifuata njia hiyo.

Jambo moja linalokuhusu hata wewe: usikilinganishe kinanda na okestra ukumbi ukiwa baridi. Kasi ya sauti hupanda kwa mita 0.6 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukumbi ukipata joto la nyuzi 10 zaidi kwa sababu ya watu, mabomba ya kawaida hupanda kwa karibu theluthi ya nusutoni, wakati yale ya ulimi hayapandi kiasi hicho. Matokeo yake kinanda kinagombana chenyewe. Pasha ukumbi joto la saa ya onyesho kwanza, ndipo fundi aguse kitu.

SWALI: Tunaimba sehemu za Elijah ya Mendelssohn. Tuliambiwa iliimbwa mara ya kwanza humo. Je, waliijua vizuri kuliko sisi? (Kwaya, Arusha)

JIBU: Iliimbwa humo tarehe 26 Agosti 1846, Mendelssohn mwenyewe akiongoza, waimbaji na wapigaji wakiwa karibu 400. Vipande vinane ilibidi virudiwe kwa sababu watu hawakunyamaza. Mendelssohn hakuwa mgeni: alikwisha kufika kwenye tamasha hilo mwaka 1837 na 1840.

Msijilaumu, lakini. Ukumbi huohuo ulishuhudia pia jinsi kazi nzuri inavyoanguka. Tarehe 3 Oktoba 1900 iliimbwa kwa mara ya kwanza The Dream of Gerontius ya mtunzi Elgar, na kwaya ikayumba vibaya. Mwalimu wa kwaya, Swinnerton Heap, alikuwa amefariki Juni mwaka ule. Mzee aliyeitwa kutoka kustaafu kushika nafasi yake, William Stockley, hakuupenda muziki wenyewe. Makaratasi ya noti yalichelewa kuchapwa, na kiongozi wa okestra, Hans Richter, aliipata nakala kamili siku chache tu kabla ya onyesho. Kazi hiyo ilikuja kupata heshima yake Düsseldorf, Ujerumani, ilipoimbwa 1901 na 1902. Makaratasi yakichelewa, punguzeni vipande, msipunguze mazoezi.

SWALI: Charles Dickens aliwahi kusoma vitabu vyake humo? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Ndiyo, usiku tatu mwishoni mwa Desemba 1853, na humo ndimo aliposoma A Christmas Carol hadharani kwa mara ya kwanza. Usiku wa mwisho aliomba utengwe kwa ajili ya wafanyakazi, kiingilio peni sita.

SWALI: Ukumbi ulifungwa 1996 hadi 2007. Miaka 11 kwa jengo moja! Walikuwa wanajenga nini? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Miaka mingi kati ya hiyo ilikwenda kwenye kutafuta fedha. Kazi yenyewe ilifanyika kati ya 2005 na 2007 na kugharimu pauni milioni 35: milioni 18.3 kutoka baraza la jiji, 13.7 kutoka mfuko wa bahati nasibu unaosaidia majengo ya urithi, na 3 kutoka Ulaya.

Kazi iliyotufurahisha zaidi ni ile ya kubomoa. Mwaka 1927 roshani ya awali iliondolewa na badala yake zikawekwa mbili, moja juu ya nyingine, ili viti viongezeke. Kwa hesabu ya tiketi lilikuwa jambo la maana, kwa sauti likawa hasara. Aliyekaa safu za nyuma chini ya roshani anausikiliza muziki kupitia dirisha. Sauti ya moja kwa moja inamfikia, lakini ile inayoshuka kutoka darini na sehemu za juu za kuta, ambayo ndiyo inayomzunguka mtu na kumfanya ajione yumo ndani ya muziki, inazuiwa na sakafu iliyo juu ya kichwa chake. Kanuni ya kazi ni nyepesi: katika ukumbi wa muziki, kina cha sehemu iliyofunikwa na roshani kisizidi kimo cha uwazi wake wa mbele. Uwazi ukiwa na mita 3, usiweke viti zaidi ya mita 3 ndani. Roshani mbili zilizobanwa katika kimo cha ukumbi mmoja zinaufanya uwazi uwe mfupi na kina kibaki kilekile.

Matengenezo yaliziondoa zote mbili na kurudisha roshani moja. Ukumbi sasa una nafasi kama 1,100, na dari linaonekana tena kutoka karibu kila kiti.

SWALI: Je, Hansom alijua hesabu za sauti, au alibahatisha? (Mwanafunzi wa usanifu majengo, Dar es Salaam)

JIBU: Alibahatisha, na bahati ilimpenda. Hesabu za sauti ya ukumbi zilianza na Wallace Sabine wa Harvard, Marekani, mwaka 1895, alipopewa kazi ya kurekebisha chumba cha mihadhara kisichosikika. Akabeba mito ya viti usiku, akapiga bomba la kinanda, akapima sauti inachukua sekunde ngapi kufifia. Ukumbi wa Boston wa mwaka 1900 ndio wa kwanza kujengwa kwa hesabu hizo.

Kilichomwokoa Hansom ni umbo. Hekalu ni kasha refu jembamba, na kasha hilo ndilo linaloitikia muziki vizuri. Ndani, ukumbi una upana wa futi 65, kimo cha futi 65, na urefu wa futi 140 na ushei. Chukua msikilizaji aliye katikati, mita 20 kutoka kwa mwimbaji, na kuta ziko mita 10 kila upande. Sauti ya moja kwa moja husafiri mita 20. Ile inayogonga ukuta wa pembeni husafiri mita 28.3. Tofauti ya mita 8.3 ni milisekunde 24. Sikio huziunganisha sauti zinazofuatana ndani ya milisekunde 50 hivi na kuzisikia kama sauti moja, iliyojaa na pana zaidi. Sasa tanua ukumbi hadi mita 40. Njia ya ukutani inakuwa mita 44.7, tofauti milisekunde 72. Maneno yanaanza kukanyagana. Hiyo ndiyo hatari ya kumbi zenye umbo la upepeo, nyembamba jukwaani na pana nyuma, zile zinazopendwa kwa sababu kila mtu anaona jukwaa.

Birmingham wenyewe walipotaka ukumbi mkubwa zaidi kwa okestra yao ya jiji, iliyokuwa ikipiga Town Hall tangu 1920, walijenga Symphony Hall, uliofunguliwa 1991 ukiwa na viti zaidi ya 2,200. Mtaalamu wa sauti, Russell Johnson, alirudi kwenye kasha lilelile, ila akalipa vifaa vya kulirekebisha: vyumba vitupu vya zege nyuma ya kuta vyenye milango mizito inayofunguliwa kuongeza mvumo, yaani muda wa sauti kufifia, paa la kuning'inia juu ya jukwaa linalopanda na kushuka, na vitambaa vya kukunjua pale wanapohitaji mvumo mfupi. Kwa kuwa njia ya reli iko karibu chini ya ardhi, jengo limekalishwa juu ya mito ya mpira ili mtetemo wa treni usipande kwenye kuta.

SWALI: Ukumbi wetu wa parokia una mita 20 kwa 12, dari liko mita 5. Kuta za lipu, sakafu ya vigae, dari la bodi. Kwaya inasikika tamu watu wakiwa wachache, lakini mhubiri haeleweki. Watu wakijaa, anaeleweka. Fundi anataka kubandika trei za mayai. (Katibu wa kamati ya ujenzi, Iringa)

JIBU: Ndugu Katibu, mzuie fundi. Trei za mayai ni karatasi nyembamba. Zinameza kidogo sauti kali za juu na kuziacha za kati na za chini zilivyo, kwa hiyo ukumbi unabaki na mvumo na sauti inazidi kuwa nzito. Tena zinashika moto upesi.

Kanuni ya Sabine inatosha kwa kazi yenu. Mvumo kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi, gawanya kwa jumla ya umezaji. Ujazo wenu ni 20 × 12 × 5, yaani mita za ujazo 1,200. Ukizidisha unapata 193.2. Nyuso zote zina mita za mraba 800. Tuseme 20 ni madirisha yaliyo wazi, ambayo humeza kila kitu, yaani 20. Zile 780 za lipu, vigae na bodi humeza karibu asilimia 3 tu, yaani 23.4. Jumla 43.4. Gawanya: sekunde 4.45 ukumbi ukiwa mtupu. Hayo ni mazingira ya kanisa kuu la mawe.

Mtu mmoja aliyekaa humeza karibu 0.45. Wakija 100, jumla inakuwa 88.4 na mvumo 2.2, hapo kwaya inafurahi, kwani muziki wa kwaya na okestra unapenda sekunde 1.8 hadi 2.2. Wakija 200, jumla 133.4 na mvumo 1.45. Hotuba hutaka karibu sekunde 1. Kwa hiyo mnachosikia ni hesabu tupu, wala si spika mbovu. Kuongeza spika kutaongeza kelele na uelewa hautapanda.

Anzeni na ukuta wa nyuma, ule unaomtazama mhubiri. Kwake, sauti inakwenda mita 20 na kurudi 20, milisekunde 117, na huo ni mwangwi kamili. Tengenezeni fremu za mbao za sentimita 120 kwa 60, unene sentimita 5. Jazeni pamba ya mawe ya kuzuia joto yenye unene huohuo na uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Funikeni kwa kitambaa. Kipimo chake ni kukiweka mdomoni na kupuliza, pumzi isipopita hakifai. Usikipake rangi ya mafuta, maana rangi huziba vitundu na kazi yote inapotea. Acheni nafasi ya sentimita 5 kati ya fremu na ukuta, kwa kuwa nafasi hiyo husaidia kumeza sauti nzito. Anayekata pamba avae barakoa na glavu. Fremu 60, kumi kwa upana na sita kwa kimo, ni mita za mraba 43, zitameza kama 34.5. Mlango ukiwa kwenye ukuta huo, hamishieni fremu zake kwenye sehemu za nyuma za kuta za pembeni.

Kisha ongezeni mapazia mazito yanayovutwa kwenye kuta hizo za pembeni, mita za mraba 40, yaning'inie sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa ukuta unaofunikwa ili kikunjike. Yatameza kama 20. Sasa ona: watu 200 mapazia yamevutwa, sekunde 1.03, watu 100, 1.35. Kwaya ikitaka kuimba, kusanyeni mapazia, na kwa watu 100 mvumo unarudi 1.57. Hilo ndilo wazo la vitambaa vya Symphony Hall, kwa bei ya parokia.

Msimalize fremu zote kwa mkupuo. Wekeni nusu, pigeni makofi mkiwa katikati ya ukumbi, rekodini kwa simu. Kanuni huhesabu muda wa sauti kushuka desibeli 60, lakini kelele za nje huwa hazikuruhusu kufika huko. Pimeni muda wa kushuka desibeli 30 kwenye programu ya simu na kuuzidisha kwa mbili. Pia sikilizeni kama makofi yanarudi kwa mlio wa haraka wa tr-r-r-r. Huo ni mwangwi unaorushwa kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana, na hutulia kwa kuvunja uso wa ukuta mmoja tu: rafu ya vitabu, fremu chache zilizotawanywa, hata mbao zilizopigwa kwa mshazari. Na kama dari lenu liko moja kwa moja chini ya mabati, tandazeni pamba ileile juu ya dari kabla ya masika, kwani hakuna hesabu ya mvumo inayoishinda mvua.